Aliyefundishwa Kuimba kwa Mlango wa Nyuma

Jumamosi alasiri, katika parokia zetu karibu zote, vijana huonekana wakishika njia ya kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Wengine wamebeba madaftari ya nyimbo, wengine wamefuatana na wadogo zao. Huingia kwa mlango mkubwa, mchana kweupe, na mwalimu huwangoja. Hatuoni ajabu katika jambo hilo, maana tumelizoea. Lakini wamekuwako watu waliofungiwa mlango huo kwa sababu ya rangi ya ngozi yao tu. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mmoja wao, Ella Sheppard, binti wa watumwa wa Marekani, aliyekuwa mhimili wa kwaya mashuhuri ya Fisk Jubilee Singers. Twaamini kwamba kila mzazi mwenye mtoto katika kwaya, na kila mwalimu wa nyimbo, ana jambo la kujifunza kwake.

Ella alizaliwa tarehe 4 Februari 1851 mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee. Siku zile sheria za majimbo ya kusini ziliwahesabu watumwa Weusi kuwa mali, kama mashamba na ng'ombe. Baba yake, Simon Sheppard, alikuwa amejikomboa kwa kulipa dola 1,800, alizozichuma kwa kazi ya farasi na magari ya kukodisha. Mama yake, Sarah, alibaki mtumwa katika nyumba ya Wazungu. Sheria ilisema kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Basi Ella naye alizaliwa mtumwa.

Alipokuwa bado mtoto mdogo, mama yake aligundua jambo lililomchoma moyo. Mwanamke wa Kizungu aliyewamiliki alikuwa akimzoeza mtoto kumpeleleza mama yake mzazi na kumpelekea habari zake. Sarah aliona kwamba utumwa sasa waingia hata kati ya mama na mwanawe. Kwa uchungu alimbeba mtoto akaelekea mto Cumberland, akiwa amekusudia kujitosa majini pamoja naye. Mwanamke mzee, mtumwa mwenzake, alimzuia njiani, akamtuliza, akamwambia kwamba Mungu ana kazi na mtoto huyo. Sarah akarudi nyumbani. Hata hivyo hakunyamaza. Alimkabili bibi mwenye mali, akashikilia kwamba mtoto auzwe kwa baba yake. Ndivyo Simon alivyomnunua binti yake mwenyewe kwa dola 350. Alikuwa ameahidiwa kuuziwa mkewe pia, lakini ahadi ile haikutimizwa. Sarah alipelekwa mbali, Mississippi, na mtoto akabaki na baba.

Baadaye Simon alioa mke mwingine, Cornelia, ambaye naye alimnunua kutoka utumwani. Kisha biashara yake ilianguka, akawa na madeni. Hapo ndipo ukatili wa sheria ile ulipoonekana wazi. Kwa kuwa hakuwa amewapatia hati za uhuru, mkewe na binti yake walihesabiwa kuwa mali yake, na waliomdai waliweza kuwakamata na kuwauza ili wajilipe. Simon aliwachukua kwa haraka, wakakimbilia Cincinnati, katika jimbo la Ohio, ambako utumwa haukuruhusiwa.

Huko Ella alipata shule ya watoto Weusi, na kwa kuwa alionyesha kipaji cha muziki, baba yake alijitahidi akamnunulia piano. Lakini mwaka 1866 Simon alifariki kwa kipindupindu. Waliomdai walichukua kila kitu, na ile piano nayo ikaenda. Ella alikuwa na umri wa miaka 15. Alijitafutia riziki kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu na kwa kazi nyingine alizozipata. Ndipo mpiga picha mmoja mashuhuri mjini, James Presley Ball, naye Mweusi, alipojitolea kumsaidia ili apate masomo ya muziki.

Mwalimu aliyepatikana alikuwa Mzungu mwenye sifa kubwa katika mji ule. Alikubali kumfundisha Ella, lakini aliweka masharti. Habari ile iwe siri. Msichana asije mchana, bali usiku, yapata saa tatu. Asipite mlango wa mbele, bali mlango wa nyuma, apande ngazi mpaka chumba cha juu upande wa nyuma wa nyumba. Katika wanafunzi wote wa mwalimu yule, Ella peke yake alikuwa Mweusi. Alipata masomo 12 ya sauti kwa namna hiyo, kisha masomo yakakoma.

Yafaa tutafakari masharti hayo. Mwalimu yule alikuwa na masikio mazuri. Alisikia kwamba sauti ya msichana yafaa kufundishwa, naye alikuwa radhi kuifundisha. Pengine alikuwa na huruma kuliko wengi wa jirani zake, ambao wasingemkubali hata usiku. Lakini aliogopa kwamba wazazi wa wanafunzi wengine wangewaondoa watoto wao kama wangejua. Basi kwa saa moja alimfundisha Ella kuimba, na kwa mlango ule alimfundisha jambo jingine, yaani kwamba kipaji chake ni kitu cha kuonewa haya. Funzo la pili ni rahisi kushika kuliko la kwanza, na mtoto huchukua miaka mingi kulisahau.

Vita vya Marekani vya kukomesha utumwa vilipokwisha mwaka 1865, mamilioni ya Weusi walikuwa huru, lakini bila ardhi, bila fedha na bila kusoma. Ella alirudi Tennessee akafundisha watoto katika mji mdogo wa Gallatin. Baada ya miezi mitano akiba yake yote ilikuwa dola sita. Aliichukua, na mwezi wa Septemba 1868 akaenda Nashville kujiandikisha katika shule ya Fisk, iliyofunguliwa mwezi wa Januari 1866 na chama cha Kiprotestanti cha American Missionary Association kwa ajili ya waliotoka utumwani.

Fisk haikuwa mahali pa raha. Shule ilikuwa katika majengo ya mbao yaliyokuwa hospitali ya askari. Upepo ulipita ukutani, chakula kilikuwa haba, na madeni yalizidi kila mwaka. Husimuliwa kwamba wanafunzi waliokota minyororo na pingu zenye kutu katika kizuizi cha zamani cha watumwa, wakaziuza kama chuma chakavu ili wapate fedha za vitabu vya kusomea. Dola sita za Ella ziliisha katika majuma machache. Alianza kufundisha muziki mjini ili alipe ada. Punde wakuu wa shule wakaona uwezo wake, wakamfanya mwalimu msaidizi wa muziki, naye akawa Mweusi wa kwanza katika walimu wa Fisk.

Mtunza fedha wa shule, Bwana George White, ndiye aliyefundisha nyimbo pia. Alikusanya kwaya ya wanafunzi, na Ella akawa mpiga piano wake na mkono wake wa kuume. Katika maonyesho waliimba nyimbo za Kizungu, zile zilizokubalika kuwa muziki wenye adabu. Lakini wanafunzi wale walikuwa na nyimbo nyingine, ambazo wazazi wao waliziimba katika mashamba ya pamba na katika ibada za siri usiku: nyimbo za Musa na Farao, za Danieli, za mto Yordani, za Yesu mteswa. Hizo hawakuziimba mbele ya watu. Waliona kwamba ni nyimbo za siku za aibu, na zaidi ya hayo walizihesabu kuwa kitu kitakatifu cha wazazi wao, kisichofaa kuwekwa mbele ya watu wenye kucheka.

Hofu yao ilikuwa na sababu. Siku zile, katika miji ya Marekani, Wazungu walijipaka masizi usoni na kuwaiga Weusi jukwaani kwa nyimbo na vichekesho. Watu walilipa kuona mambo hayo, na wengi walidhani kwamba huo ndio muziki wote wa Mtu Mweusi. Kijana aliyetaka kuheshimiwa alijiepusha na chochote kilichoweza kumfananisha na vichekesho vile.

Basi nyimbo za wazazi ziliimbwa faraghani. Vijana walikusanyika katika sebule ya mkuu mmoja wa shule, Profesa Spence, wakaketi sakafuni maana viti vilikuwa vichache, wakaimba kwa sauti ya chini, kila mmoja akimfundisha mwenzake nyimbo alizozisikia kwa mama au kwa bibi yake. Ella alizisikiliza, akazishika na kuziandika kwa nota. Msomaji ataona kwamba jambo la Cincinnati lilikuwa limejirudia kwa namna nyingine. Kule msichana aliingia kwa siri kujifunza muziki wa Wazungu. Hapa yeye na wenzake waliuficha muziki wao wenyewe. Ubaguzi haukuishia katika kuwafungia Weusi mlango wa muziki wa wengine. Uliwafanya waone haya hata kwa urithi wao wenyewe.

Mwaka 1871 Fisk ilikuwa karibu kufungwa kwa ajili ya madeni. Bwana White aliona njia moja tu: kusafiri na kwaya kaskazini mwa nchi ili kuchanga fedha. Chama chenye shule hakikutaka kuibeba safari hiyo, na wazazi wengi waliwahofia watoto wao. Hata hivyo, tarehe 6 Oktoba 1871 vijana tisa, wanaume wanne na wanawake watano, waliondoka Nashville. Ella alikuwa na umri wa miaka 20. Ajabu ni kwamba mji wa kwanza kuimba ulikuwa Cincinnati, mji ule ule wa mlango wa nyuma. Maonyesho yao ya kwanza ya kulipiwa yaliwapa fedha isiyofika dola 50. Siku hizo Chicago ilikuwa imeteketea kwa moto, watu wengi wakakosa makao. Vijana wale, wenye nguo nyepesi na madeni mgongoni, wakazitoa fedha zote kwa ajili ya watu wa Chicago.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya mateso. Hoteli ziliwakatalia. Mara nyingine walipokelewa kwa sababu mwenye hoteli alidhani kwamba ni Wazungu waliojipaka masizi, kisha wakafukuzwa alipoona rangi ni ya kuzaliwa. Katika vituo vya reli walikalishwa peke yao. Ella, ambaye tangu utoto hakuwa na afya imara, aliugua mara nyingi njiani, lakini kiti chake cha piano hakikukaa kitupu.

Mwezi wa Novemba waliimba huko Oberlin, katika Ohio, mbele ya mkutano mkubwa wa wachungaji wa Kiprotestanti. Wajumbe walikuwa wakinong'onezana juu ya shughuli zao. Vijana walianza kwa sauti ndogo sana moja ya nyimbo zile za wazazi wao. Mnong'ono ukakoma, kisha wengine wakalia machozi. Tangu hapo nyimbo za sebuleni zilianza kuingia katika maonyesho moja moja, mpaka zikachukua nafasi kubwa kuliko zile za Kizungu. Huko Columbus Bwana White, baada ya usiku wa sala, aliwapa jina la Waimbaji wa Jubilei, kwa kuukumbuka mwaka ule wa Jubilei katika kitabu cha Walawi, ambapo watumwa huachwa huru na kila mtu huirudia jamaa yake.

Tusidhani kwamba nyimbo hizo zilivuma zenyewe. Nyuma yake kulikuwa na kazi ya mazoezi isiyo na mwisho. Bwana White alitaka sauti laini, iliyoungana kama sauti moja, na kila neno lisikike. Ella ndiye aliyezoeza, aliyesahihisha, aliyepiga piano, aliyeimba sauti ya kwanza, na Bwana White alipokuwa mgonjwa, ndiye aliyeiongoza kwaya. Mbele ya watu hakusimama na fimbo ya kuongozea. Aliongoza akiwa katikati ya wenzake, kwa ishara ndogo ambazo wasikilizaji hawakuziona.

Matunda yalikuja. Katika majira ya machipuko ya mwaka 1872 waliimba katika Ikulu mbele ya Rais Grant, na shule ilikuwa imekwisha kupokea dola 20,000. Mwaka 1873 walivuka bahari mpaka Uingereza. Malkia Victoria aliwasikiliza, na Waziri Mkuu Gladstone akawaalika chakula nyumbani kwake. Waliporudi mwaka 1874 walileta karibu dola 50,000. Baadaye walikwenda tena, wakafika Uholanzi na Ujerumani. Mpaka kundi lile lilipovunjika huko Hamburg mwaka 1878, jumla ya fedha zilizopatikana ilikuwa yapata dola 150,000. Kwa fedha hizo Fisk ilinunua ardhi mpya na kujenga Jubilee Hall, jengo kubwa lililozinduliwa tarehe 1 Januari 1876. Jengo hilo lasimama hata leo.

Lakini twapenda kusema kweli yote. Makofi ya wafalme hayakubadili sheria za nyumbani. Mwaka 1881 baraza la Tennessee lilipitisha sheria ya kuwatenga Weusi katika mabehewa ya reli, ingawa waimbaji wa Nashville walikuwa wamelijulisha jina la jimbo hilo katika Ulaya yote. Wapo waliolia machozi ukumbini, kisha wasikubali kula meza moja na waliowaliza. Waimbaji wenyewe walilipa kwa afya zao, na wengi hawakupata nafasi ya kurudi kumaliza masomo katika shule waliyoiokoa. Kupenda nyimbo za watu si sawa na kuwatendea haki watu wenyewe, na mtu aweza kuishi miaka mingi bila kuitambua tofauti hiyo.

Ella hakuyaacha mambo hayo yamkatishe tamaa. Baada ya vita alikuwa amempata mama yake Mississippi, na alipopata uwezo alimleta Nashville pamoja na dada yake wa mama mmoja, akawapa makao. Yule mama aliyetaka kujitosa mtoni aliishi na kuona mwanawe akiheshimiwa na watu. Mwaka 1882 Ella aliolewa na mchungaji George Washington Moore, akafanya kazi pamoja naye Washington na kisha Nashville, akiwasaidia wanawake na jamaa maskini wa Kusini. Hakuacha kuwafundisha vijana wa Fisk nyimbo za wazee. John Wesley Work, mwalimu wa Fisk, aliyekusanya nyimbo hizo na kuongoza waimbaji wa kizazi kilichofuata, alirithi kazi ambayo Ella alikuwa ameianzisha. Mwaka 1909 waimbaji wanne wa Fisk waliziimba katika sahani za santuri. Ella alifariki Nashville tarehe 9 Juni 1914. Kila mwaka, tarehe 6 Oktoba, Fisk huadhimisha siku ile waliyoondoka vijana tisa.

Nyimbo hizo zilifika hata bara letu. Mwaka 1890 Orpheus McAdoo, aliyekuwa ameimba katika kundi la mmoja wa wenzake Ella, Frederick Loudin, alifika Afrika ya Kusini pamoja na waimbaji wake, na uimbaji wao uliacha alama katika kwaya za Waafrika wa huko.

Ella Sheppard hakuwa Mkatoliki, lakini maisha yake yatuuliza maswali sisi pia. Mapadre na makatekista wazee wakumbuka siku ambapo ngoma na kayamba vilikaa nje ya kanisa, kana kwamba Mungu asingependa kusifiwa kwa vitu hivyo. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka ule ule padre wa nchi yetu, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mlango ulifunguliwa. Lakini je, tumeuacha wazi kwa wote?

Ubaguzi hauna rangi moja. Katika kwaya zetu wenyewe husikika mtoto akichekwa kwa matamshi ya kabila lake. Huonekana msichana wa kazi za nyumbani akinyimwa nafasi ya kuimba, na yule asiye na sare akiwekwa mstari wa nyuma. Wako walimu wanaofundisha nyimbo za Ulaya kwa bidii nyingi, na nyimbo za bibi zetu wanaziacha kuwa za kujifurahisha baada ya ibada. Wako pia waonao haya kufundisha nyimbo za kigeni zilizo nzuri, wakidhani kwamba si halali yetu. Ella alizijua zote mbili, akazipa zote kazi ile ile ya mazoezi na heshima ile ile.

Twawaomba basi walimu wa kwaya wajichunguze jinsi wanavyompokea mtoto anayekuja kwao mara ya kwanza, maana mapokezi hayo ndiyo somo la kwanza atakalolipata. Twawaomba wazazi wawaulize wazee nyimbo walizoziimba zamani, wawafundishe watoto wao kabla wazee hawajaondoka nazo. Na sisi sote tumwombe Mungu atujalie tusiwe kama yule mwalimu wa Cincinnati, aliyeitambua karama ya Mungu katika mtoto, akakosa ujasiri wa kumkaribisha mchana.